Anayemimina Ndiye Anayeonja

Wanangu mnaolinda mageti, mashamba na maduka ya watu, nawaandikia mimi Mwalimu Elisaria wa Marangu, yule mzee aliyekuwa akiwapigia kelele "Miguu! Miguu!" mpaka mkaiota usiku. Tulipomzika Mwalimu Aloisi kule kwao Kirua Vunjo, wengine mlikuja na sare zenu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kuingia kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwao, ilikuwa utelezi mtupu, lakini mlilibeba jeneza mpaka kaburini bila kuyumba. Nikasema moyoni, miguu ile tuliifundisha sisi wawili.

Baada ya mazishi mmoja wenu alinisogelea akaniuliza, "Shikamoo meku, mzee wetu. Hivi ilikuwaje Mwalimu Aloisi akaacha kazi ghafla vile?" Sikumjibu siku ile. Leo najibu, na yeyote kati yenu aliyewahi kushika kirungu asome. Mimi ni mtu wa darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu.

Kazi yetu mnaijua. Tulifundisha walinzi kutumia kirungu, na kabla ya kirungu tulifundisha kusimama. Watu walituona tunarukaruka kwenye uwanja ule nyuma ya ghala la zamani la kahawa, hapo Moshi, wakadhani tunafundisha kupiga. Kupiga hakuna haja ya mwalimu, hata mtoto anaweza. Tulichofundisha ni kutokupigwa, na kumrudisha mtu kwao akiwa hai hata kama amekuja kwa ubaya.

Virungu vya mazoezi tulichonga wenyewe kwa mti wa kahawa, ile mikahawa mizee inayong'olewa ili ipandwe mipya. Mti wa kahawa ni mgumu na hauchaniki ovyo. Lakini usiukaushe juani, utapinda. Uweke juu ya dari ya jikoni unywe moshi taratibu. Kabla ya darasa gonga kila kirungu kwa ukucha. Kikilia kama kibuyu kitupu, kimepasuka ndani, kitie mekoni.

Namna ya kushika tuliwafundisha kwa ng'ombe. Wengi wenu mmekulia kwenye nyumba zenye ng'ombe zizini, mnajua kukamua. Kazi inafanywa na vidole vya chini, vya juu vinasindikiza tu. Kirungu ni hivyo hivyo. Anayekishika kwa kidole gumba na cha shahada kitamtoka kwa pigo la kwanza. Vijana wa mjini ambao hawajawahi kukamua walitusumbua sana. Aloisi aliwahi kumpeleka mmoja kwa jirani mwenye ng'ombe, akarudi na harufu ya zizi, na mshiko safi.

Kujikinga kichwa tuliita "paa". Unakiinua kirungu juu ya kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, kama paa la nyumba, ili pigo liteleze lianguke kando kama mvua. Ukikilaza sawa, pigo lote linakaa juu yako. Na paa peke yake halitoshi, lazima mguu utoke pembeni, nyumba ihame pamoja na paa lake. Hapo ndipo zile kelele zangu za miguu zilipotoka.

Nisijifanye kwamba nilizaliwa najua kufundisha. Mwanzoni nilitumwa Chekereni kufundisha walinzi wa mashamba ya mpunga. Tulifanyia mazoezi juu ya tuta kati ya majaruba, kwa sababu hapakuwa na pengine pakavu. Nikatoa amri kama nilivyozoea huku juu: "Hatua moja nyuma!" Wote wakarudi nyuma, wote wakaingia kwenye maji. Nikaona aibu, nikawapanga upya. Nilitaka wabaki kwenye mkao wa kujikinga nipite niwakague, nikapaza sauti, "Kaa!" Wakakaa chini, kwenye tope, na virungu vyao mapajani, wakinitazama kwa heshima. Mzee mmoja wa kule akaniambia, "Mwalimu, hiyo ya kukaa tumeielewa. Sasa mwizi naye tutamwambia akae?" Tangu siku ile kabla ya kutoa amri naangalia kwanza mwanafunzi amesimama wapi.

Sisi nasi tulikuwa na mwalimu wetu, Mzee Tarimo. Alikuwa mfupi, mkavu, amelinda mashamba ya mkonge huko tambarare miaka mingi kabla hajarudi mlimani. Yeye ndiye aliyetuachia desturi ya kuonja. Mnaijua, lakini wengi wenu hamkuwahi kuambiwa ilikotoka.

Kwetu mtu akikukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, hakupi kata ikiwa haijaguswa. Anaonja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa. Maana yake ni kwamba humu hakuna kitu kibaya, na kama kipo, kimeanza na mimi. Mzee Tarimo alisema kirungu ni pombe kali kuliko mbege, kwa hiyo mwalimu lazima aonje kwanza. Ndiyo maana kila darasa jipya, kabla mwalimu hajamgusa mwanafunzi hata mmoja, mwanafunzi mmoja anatoka mbele na kumpiga mwalimu pigo la kweli, la kichwani, kwa nguvu zake zote. Mwalimu anajikinga kwa paa. Akishindwa, wanarudia mpaka aweze. "Aliyemwaga huonja upya," alisema mzee.

Ugumu ulikuwa kumpata mpigaji. Kijana aliyelelewa vizuri huku mlimani hawezi kumpiga mtu mwenye umri wa baba yake, anaogopa laana. Atakuambia shikamoo, kisha atakugusa na kirungu kama anafukuza nzi. Katika miaka yote ni mtu mmoja tu ambaye hakubembelezwa. Alikuwa mzungu aliyeshuka mlimani, akaletwa na mpwa wangu ambaye ni mwongozaji wa watalii. Kwao alikuwa anajifunza mapigano ya panga ndefu za zamani, kwa kupenda tu. Alituambia zamani sana huko kwao walikuwepo walimu wa panga, wakizunguka mji kwa mji, wakiishi kwa kazi hiyo kama sisi, na kila mmoja alikuwa na pigo lake la siri. Aloisi akampa kirungu na kumwambia aonjeshe. Bwana yule hakuuliza mara mbili, alishusha pigo kama anapasua kuni. Likateleza kwenye paa la Aloisi, na kabla hajajua, kirungu cha Aloisi kilikuwa kimemgusa shingoni, pole pole kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Yule mgeni akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza, "Siri ni nini?" Mpwa wangu akatafsiri. Aloisi akajibu, "Mwambie sisi siri yetu iko kwenye viatu."

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa Mkatoliki, mimi Mlutheri, na kila Jumatatu alinipokea na neno. "Mlutheri, jana mmeimba mpaka mkasahau kusali?" Nami namjibu, "Na ninyi mmesali mpaka padri akasinzia?" Halafu tunachukua virungu.

Sasa nifike kwenye mliloniuliza.

Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Nilidhani ni baridi, kisha nikadhani ni pombe, na nilipomuuliza alinionyesha vidonge alivyopewa hospitali. Alisema, "Mkono huu una tabia ya kijana wa mjini. Ukikaa bila kazi unacheza. Ukipewa kazi unatulia." Ilikuwa kweli. Akishika kirungu mkono ulitulia kabisa. Ila mimi niliyesimama mbele yake kila siku niliona jambo lingine. Miguu ilikuwa inachelewa. Wakati mwingine anataka kupiga hatua na mguu unagoma, kama umepigiliwa msumari, halafu ghafla unaachia.

Nyumbani aliishi na binti yake wa mwisho, Theresia. Mama yao alikwisha kufariki. Aloisi alipoanza kumwaga mbege akiwamiminia wageni, Theresia alichukua kazi hiyo, akawa anamimina yeye na kuonja yeye. Baadaye akaomba kujiunga na kozi yetu ya ulinzi. Baba yake alinuna. "Nimekusomesha ushonaji ili ukasimame getini?" Theresia akamjibu, "Baba, wewe umesimama getini ukanisomesha." Binti akaingia darasani.

Siku ya kuonja ya darasa lile, mkubwa wa kampuni ya ulinzi iliyotuajiri alikuja mwenyewe akawekewa kiti cha plastiki kivulini. Alikuwa amesikia maneno kuhusu Aloisi, alitaka kuona kwa macho. Na zamu ya kuonja ilikuwa ya Aloisi.

Nikamvuta kando ghalani. "Leo niache nionje mimi."

"Zamu ya nani?"

"Yako."

"Basi."

"Mkono hauniogopeshi, Aloisi. Ni miguu."

Alijua kwamba nimeiona ikigoma. Akasema, "Nikikaa pembeni leo mbele ya yule bwana, kesho sina kazi. Hiyo ni moja. Ya pili, ukimnong'oneza kijana anipige kidogo kidogo, siku nikifa usije kwangu."

Sikumnong'oneza mtu. Pigo la uongo lingekuwa sawa na kuonja kibuyu kimoja na kumnywesha mgeni kingine. Aloisi hakuwahi kufanya hivyo, na mimi sikuwa na haki ya kumfanyia.

Aliyetoka mbele alikuwa Godlisten. Wengi mnamfahamu, alikuwa mpagazi mlimani kabla ya ulinzi, mabega kama kabati. Akapewa kirungu akasimama anakizungusha mkononi.

"Mwalimu, mimi mzee simpigi. Bibi yangu atanilaani."

Darasa likacheka. Aloisi akasema, "Bibi yako mwambie nimekutuma mimi. Piga kama mtu aliyeibiwa ng'ombe."

"Wa maziwa?"

"Mwenye mimba."

Wakacheka tena. Godlisten akapumua, akainua, akapiga.

Mkono wa Aloisi ulifika kwa wakati, paa lilikaa vizuri. Mguu haukutoka. Nyumba ilibaki palepale, pigo likateleza kwenye kirungu chake likaangukia begani mwake. Mlio ule sitausahau. Akapiga goti.

Godlisten akatupa kirungu. "Mama yangu! Nimemuua mwalimu!"

Mkubwa wa kampuni akasimama kutoka kwenye kiti. Aloisi akainuka taratibu, uso umepauka, akakishika kirungu tena. "Hujaua mtu. Okota. Aliyemwaga huonja upya."

Hapakuwa na mtu pale ambaye hakuelewa. Bega lile lisingeinuka vizuri mara ya pili, na pigo lingekwenda kichwani. Nilianza kusogea, lakini Theresia alikuwa ameshatoka kwenye mstari bila ruhusa. Akasimama kati yao, akaweka mkono juu ya kirungu cha baba yake.

"Rudi mstarini," Aloisi akasema.

"Baba."

"Hapa mimi ni mwalimu!"

"Sawa, mwalimu. Nyumbani nani anamimina mbege?"

Aloisi akautazama ule mkono juu ya kirungu.

"Anayemimina ndiye anayeonja," Theresia akasema. Akakivuta kirungu, na mkono wa baba yake ulipobaki mtupu ukaanza kutetemeka mbele ya wote. "Godlisten, okota chako."

"Theresia, mimi na wewe ni majirani..."

"Piga. Au unaogopa mwanamke?"

Kutoka mstarini mtu akapiga mluzi, "Godi, umeambiwa huko!"

Godlisten akapiga, na hakupunguza, namshukuru kwa hilo. Theresia aliinua paa, mguu ukatoka pembeni kama anapisha mtu mlangoni, pigo likaenda kuchimba ardhi. Kirungu chake kikamgusa Godlisten chini ya kidevu, kikatulia hapo. Ulikuwa mtindo wa Aloisi mtupu, hata ule upole wa mwisho.

Darasa likapiga makofi. Mkubwa wa kampuni akauliza, "Yule binti ni wa nani?" Mimi nilikuwa namtazama Aloisi. Alichukua koti lake kwenye msumari, akatoka getini bila kugeuka. Ndiyo siku aliyoacha kazi. Hakufukuzwa, kama baadhi yenu mlivyosimuliwa. Aliondoka mwenyewe, na hakurudi hata kuchukua mwavuli.

Yaliyofuata ni ya ndani ya nyumba, lakini Theresia ameniruhusu niyaseme. Baba yake aliacha kusema naye. Alikula chakula alichompikia, alivaa shati alilomfulia, ila neno halikutoka. Akimpa shikamoo, anaitikia kwa kichwa. Theresia alikuja kazini kila siku na macho mazito, anafanya mazoezi kama anagombana na hewa. Siku moja akaniambia, "Mwalimu Elisaria, ningemwacha apigwe, angenisamehe. Nimemwokoa, ndiyo hanisamehe." Nikaona hili ni langu kwenda.

Nilimkuta Aloisi ameketi kwenye kigoda chini ya migomba, bega limefungwa kitambaa. Tukasalimiana, akaniuliza habari za Marangu, tukazunguka huko na huko. Mwisho nikasema, "Mtoto anaumia."

"Alinivua nguo mbele ya watu."

"Alikuokoa."

"Sikumwomba. Nilikuwa nimesimama mahali pangu, akanitoa kama mlevi anavyotolewa kilabuni."

"Ungekufa, Aloisi."

"Ningekufa nikiwa mwalimu."

Sikuwa nimepanga la kumwambia. Lilikuja lenyewe. "Na Godlisten angekuwa nani?"

Akanitazama.

"Wewe ungekufa mwalimu, tungekuzika vizuri. Yule kijana je? Kijana uliyemlazimisha, tena akakuambia hataki. Angeishi na jina gani kijijini kwao? Miaka yote hii tunafundisha mtu arudi nyumbani bila damu ya mtu mkononi."

Ng'ombe alisogea zizini, kuku wakapita kati yetu. Kisha Aloisi akasema kwa sauti ndogo, "Yule kijana sikumfikiria kabisa."

"Theresia alimfikiria."

Nikaaga, nikashuka zangu, sikujua kama nimejenga au nimebomoa.

Siku chache baadaye nilikuwa uwanjani na darasa lile lile, Theresia akinisaidia kuwaonyesha wenzake paa. Geti likafunguka, Aloisi akaingia. Alitembea polepole, miguu ikigoma na kuachia. Mkononi alishika jani la isale.

Kwa msomaji ambaye si wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikujia na jani lake, huwezi kumkatalia. Lazima umsamehe, hata kama amekuchomea nyumba. Ni jambo zito, halichezewi. Mtoto humletea mzazi. Mzazi kumletea mtoto, mimi sikuwahi kuona, na sijaona tena.

Akapita mbele yangu, akasimama mbele ya binti yake. Mkono wa kulia ndio ulioshika jani, na jani lilitetemeka kama liko kwenye upepo. Angeweza kulishika kwa ule wa kushoto uliokuwa mzima. Hakufanya hivyo.

Theresia akarudi nyuma. "Hapana, baba. Mzazi hamletei mtoto isale."

"Najua."

"Watu wanaangalia."

"Waache waangalie. Pokea basi, kabla halijaanguka."

Nilimwona Theresia anainua mikono yote miwili. Nikaona si haki darasa zima kukodolea macho jambo lile, nikavuta pumzi na kutoa amri, "Darasa! Nyumaaa, geuka!"

Wakageuka wote kwa pamoja, visigino vikalia, wakabaki wametazama upande wa mlima. Nami nikageuka pamoja nao. Nyuma yetu nilisikia mtu analia, na sikutaka kujua ni yupi kati yao.

Godlisten alikuwa mwisho wa mstari, karibu yangu. Akanong'ona bila kugeuza kichwa, "Mwalimu, tunaangalia nini?"

"Mlima."

"Una mawingu, mwalimu. Hauonekani."

"Angalia hivyo hivyo."